Mchikichi wa Yangambi na Uchumi wa Malaysia

Historia ya uchumi wa Malaysia ina sura moja iliyoandikwa jirani na Kisangani. Huko Yangambi, katika kituo cha INEAC kilichoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, watafiti Beirnaert na Vanderweyen walibainisha mwaka 1941 kwamba mchikichi wa gamba nene ukichanganywa na usio na gamba huzaa tenera, aina ya gamba jembamba yenye mawese mengi zaidi.

Malaya ilipata uhuru mwaka 1957, chini ya mfalme wa kikatiba ambaye watawala tisa humchagua kwa miaka mitano miongoni mwao. Uchumi wake ulitegemea mpira na bati. Kupitia FELDA, shirika lililoundwa mwaka 1956, serikali iliwapa wakulima maskini mashamba, na tangu miaka ya 1960 ikaeneza michikichi. Ghasia za kikabila za mwaka 1969 hazikuikatiza kazi hiyo; sera mpya ya uchumi ya mwaka 1971 iliizidisha.

Kwetu, maasi ya mwaka 1964 na Uzairishaji wa mwaka 1973 viliyavuruga mashamba. Mbegu ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni uthabiti wa sera ya ardhi. Utafiti usiolindwa na sera hiyo huwanufaisha wengine.