Msimamizi Asiyemiliki: Maamiri wa Kilwa na Mamlaka ya Niaba

Katika Mahakama ya Mwanzo mjini Babati, kama katika mahakama nyingine za ngazi hiyo nchini Tanzania, mtu aliyeteuliwa kuangalia mali ya marehemu huitwa msimamizi wa mirathi. Hukusanya mali, hulipa madeni, huwagawia warithi, kisha hutakiwa kuwasilisha orodha na hesabu mbele ya hakimu. Umbo la neno lenyewe limebeba wazo hilo. Kauli ya kutendea katika *simamia* humweka mtu kando ya kitu, au juu yake, kwa ajili ya mwingine, haimpi umiliki. Lakini msimamizi wa nyumba ya mfalme alitoa hesabu kwa nani, hasa mwenye nyumba alipokuwa dhaifu au amekufa? Historia ya Kilwa Kisiwani inaliweka swali hili wazi kuliko historia ya mji mwingine wowote wa pwani.

Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Msafiri huyo anaeleza kwamba sultani alitenga khumsi ya ngawira katika hazina ya peke yake, na masharifu walipomjia aliwapa kutoka humo. Ukarimu wa namna hii ni kazi ya uhasibu kabla haujawa sifa ya moyo: lazima awepo mtu wa kuhesabu, kutenganisha na kufunga. Husuni Kubwa, jumba lililochimbuliwa na Neville Chittick na ambalo hunasibishwa na sultani huyo, linathibitisha hilo kwa mawe. Upande wake wa kusini upo ua mkubwa uliozungukwa na vyumba vya ghala. Makazi ya mfalme na bohari ya biashara yalikuwa jengo moja. Aliyeshika funguo za ghala alikuwa mwanasiasa, apende asipende.

Kufikia katikati ya karne ya 15 wenye funguo walikuwa wamewazidi wenye nyumba. Vyanzo viwili vikuu, yaani *Kitab al-Sulwa* (ambayo nakala yake iliyobaki ilipatikana kupitia John Kirk wakati wa Sayyid Barghash) na simulizi la João de Barros lililochapishwa mwaka 1552, vinatofautiana katika majina na mfuatano wa matukio. Hata hivyo vyote vinaonyesha mawaziri na maamiri wakiwaweka masultani na kuwaondoa. Ulaya ilikuwa imeyaona mambo kama hayo mapema. Mwaka 751 Pepin, msimamizi wa jumba la wafalme wa Wafranki, alimvua taji bwana wake na kulivaa mwenyewe. Huko Uskoti, ukoo uliorithi kazi ya usimamizi wa nyumba ya mfalme ulipata kiti cha enzi mwaka 1371, na jina la kazi, Stewart, likawa jina la wafalme. Maamiri wa Kilwa walikuwa na nguvu ya kufanya vivyo hivyo. Kwa sehemu kubwa hawakufanya. Walitawala kwa niaba, na wakahakikisha kwamba yupo mtu wa kutawaliwa kwa niaba yake.

Mfano mkubwa ni Amiri Ibrahim, aliyekuwa madarakani Wareno walipofika. Barros anadai kwamba alimuua Sultani al-Fudail, na kwamba watu wa mji hawakumwita mfalme bali amiri tu. Dai hili lapasa kusomwa kwa tahadhari. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtoza Ibrahim huyohuyo kodi ya dhahabu bila kumuuliza nasaba. Miaka mitatu baadaye, Francisco de Almeida alipouteka mji mwezi Julai 1505, ukosefu wa nasaba ulikuwa hoja ya kumwondoa. Cheo ambacho wenyeji walikitumia kumwekea mtawala mpaka, Wareno walikigeuza kuwa hati ya mashtaka. Watafiti wanaoendelea kumwita Ibrahim mnyang'anyi bila maelezo wanarudia, pengine bila kujua, hoja ya mtu mwenye mizinga bandarini.

Aliyetawazwa mahali pake alikuwa Muhammad, ambaye Wareno walimwita Ankoni. Naye hakuwa wa ukoo wa masultani. Kwa mujibu wa Barros, baada ya kuvishwa taji aliomba mrithi wake awe mwana wa al-Fudail, ingawa alikuwa na watoto wake mwenyewe. Ombi hilo huelezwa kama unyenyekevu. Lina maana zaidi likisomwa kama lugha ya usimamizi: mtu aliyekabidhiwa kiti na wageni anautangazia mji kwamba anakishika tu, na kwamba mwenyewe atakuja. Wareno walidhani wamempata mfalme. Mji uliambiwa umempata amiri mwingine.

Ankoni aliuawa mwaka 1506, na mzozo wa urithi ukazuka kati ya mwanawe na mwana wa al-Fudail. Wareno waliihama ngome yao mwaka 1512. Aliyeshika mji baada ya hapo alikuwa Ibrahim, bado akiitwa amiri.