Ingoma Nshya: Wanawake, Ngoma na Dhana ya Enzi katika Historia ya Rwanda na Burundi

Utangulizi

Msemaji wa Kiswahili anayelisikia jina Ingoma Nshya kwa mara ya kwanza hahitaji mkalimani. Ingoma ni ngoma, na nshya ni mpya. Undugu wa lugha za Kibantu umekwisha kumfanyia kazi ya tafsiri. Hata hivyo, wepesi huo una mtego ndani yake. Katika Kinyarwanda, kama ilivyo katika Kirundi, neno ingoma hutaja chombo kilichowambwa ngozi, na papo hapo hutaja ufalme, utawala na kipindi cha mfalme kuwa kitini. Kwa hivyo kundi la wanawake lililoanzishwa mjini Butare (Huye ya leo) mwaka 2004 lilijipa jina lenye ndimi mbili: ngoma mpya na enzi mpya. Maana ya kwanza huifurahisha hadhira. Ya pili ndiyo inayomkabili mhakiki.

Makala haya yanakusudia kulichunguza kundi hilo, ambalo ndilo kundi la kwanza la wanawake wapiga ngoma nchini Rwanda, kwa kuliweka ndani ya historia ndefu ya ngoma ya kifalme katika eneo la Maziwa Makuu. Hoja inayoendelezwa ni kwamba Ingoma Nshya halikuzaliwa nje ya jadi wala kwa kuipiga teke jadi. Lilizaliwa kutokana na ukinzani uliokuwamo ndani ya jadi yenyewe, yaani jadi iliyompa mwanamke nafasi kando ya ngoma, na hata katika asili ya sanaa ya kifalme, lakini ikamnyima mikwiro.

Ngoma kama Enzi

Katika Rwanda ya kale, ngoma za utawala ziliitwa ingabe, na iliyotukuka kuliko zote ilikuwa Karinga. Masimulizi ya kasri yanaeleza kuwa kabla ya Karinga palikuwa na Rwoga, ngoma iliyotekwa na maadui katika msiba uliomwangusha Ndahiro Cyamatare. Mwanawe, Ruganzu Ndoli, alipourejesha ufalme, aliisimika Karinga mahali pa ile iliyopotea. Mantiki ya masimulizi haya haihitaji ufafanuzi mrefu: nchi iliyopoteza ngoma imejipoteza, na mfalme anayesimika ngoma ndiye aliyeisimamisha nchi. Sehemu za siri za wafalme walioshindwa vitani zilitundikwa kwenye Karinga. Chombo hiki, basi, kilikuwa daftari la ushindi na pia tishio.

Maarifa ya kuitunza ngoma yalikuwa mikononi mwa abiru, wataalamu wa ubwiru, ambayo ni miiko na kanuni za siri za ufalme zilizohifadhiwa kwa moyo. Utawala wa Kibelgiji ulitambua nguvu ya maarifa hayo. Mwaka 1925 Gashamura, aliyekuwa mkuu miongoni mwa abiru, alihamishiwa Burundi, na sherehe ya mavuno iliyoufungamanisha ufalme na ardhi ikazimwa. Mwaka 1931 Mfalme Musinga aliondolewa kitini, na mwaka 1946 mwanawe, Mutara Rudahigwa, akaiweka nchi wakfu kwa Kristo Mfalme. Ni katika muktadha huu wa kufifia kwa ngoma ambapo Alexis Kagame, padri na mwanahistoria, aliichapisha kwa Kinyarwanda kazi aliyoiita Inganji Karinga mwaka 1943. Jina hilo lamaanisha ushindi wa Karinga. Ngoma ilikuwa ikinyamazishwa uwanjani huku ikianza kusema kitabuni. Mwaka 1961 ufalme ulifutwa, na Karinga ikatoweka katika maisha ya taifa.

Burundi ilipitia njia inayofanana na hii, ingawa si ile ile. Ngoma yake kuu, Karyenda, ilichorwa pamoja na mmea wa mtama kwenye bendera ya ufalme uliopata uhuru mwaka 1962. Mnamo Novemba 1966 Michel Micombero aliuangusha ufalme, na Karyenda ikaondolewa kwenye bendera. Lakini wapiga ngoma wenyewe hawakutoweka. Kikundi cha Gishora, karibu na Gitega, mahali panapohusishwa na Mfalme Mwezi Gisabo, kiliendelea kuzitunza ngoma mbili zenye majina, Ruciteme na Murimirwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mapigo ya Burundi yalitolewa katika santuri nchini Ufaransa. Mwaka 1975 mwanamuziki Joni Mitchell aliyatumia katika wimbo wake, na mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walikuwa jukwaani kwenye tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza. Ngoma iliyokuwa ya mfalme mmoja ikawa ya walimwengu wote wenye tikiti.

Mwanamke na Mipaka ya Ngoma

Katika nchi zote mbili, mwanamke hakuruhusiwa kupiga ngoma. Sababu zinazotolewa hutofautiana na msemaji: ngoma ni nzito, ngoma ni takatifu, ngoma ni kazi ya kiume. Wingi wa sababu ni dalili kwamba mwiko huu ulitangulia maelezo yake. Hata hivyo, ushahidi wa historia unaonyesha kwamba mwanamke hakuwa mbali na ngoma. Kule Burundi, Karyenda ilikuwa na mwanamwali aliyewekwa kuitumikia, akaitwa Mukakaryenda, yaani mke wa Karyenda. Ngoma ilikuwa mume, na mwanamke akawa mtunzaji wake. Angeweza kukaa nayo usiku na mchana, lakini sauti yake ilitolewa na wengine.

Mfano wa Rwanda una uzito zaidi kwa mwanafasihi. Jadi ya kasri inamtaja Nyirarumaga, malkia mama wa kuasiliwa wa Ruganzu Ndoli, kuwa mwasisi wa ibisigo, ule ushairi wa kifalme ambao Kagame aliukusanya na kuufafanua. Ruganzu Ndoli ndiye huyo huyo aliyeisimika Karinga. Masimulizi haya, basi, yanaweka katika utawala mmoja asili ya ngoma mpya na asili ya ushairi mpya, na ushairi yanaukabidhi kwa mwanamke. Ikiwa yanachukuliwa kama historia au kama hekaya, ujumbe wake haubadiliki: enzi iliyoanguka ilisimamishwa tena kwa vitu viwili, chombo na neno, na neno lilikuwa la mwanamke. Hoja kwamba sanaa ya enzi ni ya kiume kwa asili yake haiwezi kusimama mbele ya masimulizi ya enzi hiyo yenyewe.

Ulinganishi mfupi na mwambao wa Afrika Mashariki una manufaa hapa. Katika Kiswahili, ngoma ni chombo, ni uchezaji, na ni shughuli nzima inayowakutanisha watu; maana ya utawala haimo katika neno hilo. Alama za enzi za Waswahili zilijumuisha ngoma, lakini siwa ndiyo iliyovuma zaidi, kama zile za Pate na Lamu. Huenda ndiyo sababu mwanamke wa pwani aliweza kuwa na ngoma zake: vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo Margaret Strobel alivitafiti, vugo, na unyago ambao Bi Kidude wa Zanzibar aliupigia msondo hadi uzeeni, kabla ya kufariki mwaka 2013. Pale ambapo ngoma haikuwa kiti cha mfalme, mkono wa mwanamke haukuonekana kuwa mapinduzi.

Kuzaliwa kwa Ingoma Nshya

Mwanzilishi wa Ingoma Nshya ni Odile Gakire Katese, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia, ambaye wakati huo alifanya kazi katika kituo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda mjini Butare. Mahali hapa si mandhari tu ya hadithi. Butare iko karibu na Nyanza, kulikokuwa na kasri la mwisho la wafalme. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, mkoa huo ulikawia kuingia katika mauaji hadi mkuu wake, Jean-Baptiste Habyalimana, alipoondolewa madarakani katikati ya Aprili. Tarehe 20 Aprili aliuawa Rosalie Gicanda, mjane wa Mfalme Rudahigwa, aliyekuwa akiishi humo mjini kama mwanamke mzee wa kawaida. Malkia wa mwisho kuishi nchini alifia katika mji ambamo, miaka kumi baadaye, wanawake wangeshika mikwiro.

Wanawake waliojiunga na kundi walitoka pande zote za msiba: walionusurika, wajane, mayatima, wake na mabinti wa watu waliotuhumiwa au kufungwa. Filamu ya Sweet Dreams ya mwaka 2012, iliyotengenezwa na Lisa Fruchtman na Rob Fruchtman, inaeleza sharti moja la kujiunga: majina ya Mhutu na Mtutsi yaachwe langoni. Filamu hiyo inasimulia pia duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, lililofunguliwa mwaka 2010 ili liwape wanawake hao kipato. Habari hii haipaswi kupuuzwa na wahakiki wanaopenda kuitenga sanaa na tumbo. Wapiga ngoma wa kasri walilishwa na kasri. Wapiga ngoma wa jamhuri hawana budi kujitafutia.

Utendaji kama Matini

Ngoma za Rwanda hupigwa kwa mgawanyo wa sauti. Ishakwe, iliyo ndogo na kali, hushikilia mwendo. Inyahura hujibu kwa sauti ya kati. Igihumurizo huleta mvumo wa chini. Msikilizaji wa pwani atakumbuka uhusiano wa chapuo na vumi. Hakuna ngoma inayojitosheleza. Ishakwe ikikosea, wote hupotea. Nzito zikinyamaza, ishakwe hubaki ikilalamika peke yake. Ustadi wa mpigaji upo katika kusikia kabla ya kupiga.

Ingoma Nshya lilirithi muundo huu pamoja na nguvu za mwili zinazoandamana nao: mikono inayoinuliwa juu ya kichwa, miruko, mzunguko. Wanawake hawa hawakutafuta ngoma ndogo za kike wala mtindo laini. Uamuzi huo ni wa kifani, na ndio wenye hoja. Mtazamaji anayetarajia tofauti anakutana na ufanani, na ufanani huo ndio unaouumbua mwiko. Wakati huo huo nyimbo, tabasamu na vigelegele huingiza katika utendaji furaha ambayo ngoma ya kasri, iliyokuwa chombo cha adhama na hofu, haikuwa na haja nayo.

Hapa panafaa tahadhari. Maandishi mengi kuhusu kundi hili yamelisoma kama tiba: wanawake walioumizwa wanapona kwa kupiga ngoma. Usomaji huo una ukweli, lakini unapunja. Unamfanya msanii kuwa mgonjwa na sanaa kuwa dawa, na unaiacha bila jibu kazi ya mhakiki, ambayo ni kupima kilichofanywa na jinsi kilivyofanywa. Katese mwenyewe alilipeleka kundi mbele zaidi ya hapo. Katika The Book of Life, iliyooneshwa kwenye Tamasha la Kimataifa la Edinburgh mwaka 2022, ngoma za wanawake zimeunganishwa na barua zilizoandikwa kwa waliokufa. Chombo na neno, vilivyogawanywa kati ya Ruganzu na Nyirarumaga, vilikutana tena jukwaani.

Je, Enzi Imeihama Ngoma?

Pingamizi moja nzito linastahili kujibiwa. Yaweza kudaiwa kwamba wanawake waliruhusiwa kushika mikwiro pale tu ngoma ilipokwisha kuwa gofu. Mfalme hayupo, Karinga haipo, na kilichobaki ni burudani. Kwa mtazamo huu, Ingoma Nshya lilishinda vita ambavyo adui alikuwa ameshaondoka.

Jibu linatoka Burundi. Mwaka 2014 uchezaji wa ngoma ya kifalme ya nchi hiyo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mnamo Oktoba 2017 Rais Pierre Nkurunziza alitia saini amri iliyowakataza wanawake kupiga ngoma hizo, ikawaachia uchezaji wa kike, ikavitaka vikundi visajiliwe na wizara, na ikaweka malipo ya faranga 500,000 kwa maonyesho yaliyo nje ya sherehe rasmi. Nusu karne baada ya kufutwa ufalme, jamhuri ilichukua kalamu kulinda mwiko wa kasri. Dola haitungi sheria juu ya gofu. Amri hiyo ni ushahidi kwamba enzi bado ilihesabiwa kuwa ndani ya mzinga wa ngoma, na kwamba swali la nani apige lilikuwa bado ni swali la nani atawale.

Aidha, amri hiyo inafichua hatari iliyomo katika dhana ya urithi. Jadi inapoorodheshwa, huwa na mlinzi; na mlinzi huamua ipi ndiyo sura halisi ya kinacholindwa. Katika nchi moja urithi ulitumiwa kumfungia mwanamke mlango. Katika nchi jirani, yenye ngoma zinazofanana na lugha zinazosikilizana, mwanamke aliingia na kujiita enzi mpya.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mwiko wa ngoma ulihusu mamlaka, wala haukuhusu uzito wa mti au udhaifu wa mkono. Imeonyeshwa pia kwamba jadi yenyewe ilihifadhi kumbukumbu ya mwanamke aliye katika asili ya sanaa ya kifalme. Ingoma Nshya, kwa hivyo, lasomeka vizuri zaidi kama ufafanuzi wa neno moja la kale, uliotolewa kwa mikono badala ya kalamu. Wahenga wa Kiswahili walisema ngoma ivumayo haidumu. Karinga ilivuma, nayo haikudumu. Kilichodumu ni neno ingoma na maana zake mbili, na tangu mwaka 2004 maana ya pili imekuwa na wadai wapya.