Mzee wa Yumbe

Fungu letu asubuhi hii ni Samweli wa Kwanza, sura ya 8.

Chuoni tulisoma habari za wabunge wa kale wa Uingereza, kama Sir John Eliot, aliyempinga mfalme Charles na kufa kifungoni katika Mnara wa London mwaka 1632. Hakuna aliyetuambia kwamba hapa kwetu pwani mji wa Lamu nao ulikuwa na baraza lake. Lamu haikuwa na mfalme. Wazee wa koo kubwa walikutana katika Yumbe, wakayaamua mambo ya mji kwa shauri. Walikuwa pande mbili, Zena na Suudi, wakipokezana madaraka, wala ugomvi haukukosekana. Wanaokaa katika kamati za kanisa wataelewa.

Kiongozi mmoja wa wazee hao, Mwislamu, aliitwa Bwana Zahidi Ngumi. Yapata mwaka 1813 watu wa Pate, wakishirikiana na Wamazrui wa Mombasa, walishuka Shela na jeshi kubwa kuitiisha Lamu. Zahidi na watu wake wakawapiga. Adui walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yamekupwa, na vyombo vimekaa mchangani. Waliuawa wengi mno, hata miaka mingi baadaye mifupa ilikuwa ikionekana katika vilima vya mchanga vya Shela.

Ungedhani mji ungelala usingizi mtamu. La! Ushindi ule ndio uliowatia hofu, maana walijua Pate na Mombasa watataka kisasi. Basi wakatuma wajumbe Maskati kwa Seyyid Said, wakaomba awalinde. Naye akakubali, akawapelekea liwali na askari. Ngome iliyokamilika yapata mwaka 1821 ingali imesimama katikati ya mji. Bunduki zilikuja, na Lamu haikutekwa na Pate. Lakini tangu hapo neno kubwa lilikuwa la liwali, si la Yumbe.

Waisraeli nao walitaka mfalme awatangulie vitani. Samweli akawaonya: atawatwaa wana wenu, atayatwaa na mashamba yenu. Hawakusikia. Mimi simlaumu Zahidi. Alikuwa na wanawake na watoto wa kulinda. Ninachosikitikia ni kwamba baraza lililoshinda majeshi ya miji miwili halikuweza kujiamini tena.

Niliwahi kuona kanisa moja likishinda kesi ya kiwanja. Kwa kuogopa kesi ya pili, wazee wakamkabidhi tajiri mmoja hati na funguo zote, awe ngao yao. Mwaka haukuisha, wakawa wanamwomba ruhusa ya kufungua mlango Jumapili.

Isomeni sura hiyo yote, ndugu zangu, kabla hamjaenda kazini.