Ufunguo wa Windows: Kutoka Kibandiko hadi Ubao Mama
Katika Windows 95 ya dukani, ufunguo wa leseni, yaani namba inayothibitisha ununuzi halali, ulikaguliwa kwa hesabu nyepesi mno, kwani kigezo kikuu kilikuwa jumla ya tarakimu saba za mwisho igawanyike kwa 7. Windows XP ya mwaka 2001 ilileta uamilishaji, yaani kuthibitisha ufunguo wa herufi na tarakimu 25 kwa Microsoft kupitia intaneti au simu. Na kibandiko chenye ufunguo kwenye kasha la kompyuta kilipofutika, mwenye kusakinisha upya aliuchimbua ufunguo kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya mfumo, hila isiyofaa kwa kompyuta za watengenezaji wakubwa, zilizotumia ufunguo mmoja wa pamoja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ufunguo wa kompyuta zinazouzwa zikiwa tayari na Windows huhifadhiwa kwenye chipu ya ubao mama, ambako mfumo huusoma wenyewe.