Honda iliyolala tangu Agosti 1997

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, wasomaji wangu, na sababu si kazi. Sababu ni pikipiki. Leo niwieni radhi, programu tutaziweka kando kidogo, ingawa mwisho wa habari mtaona kwamba hatukwenda mbali sana.

Nyumbani kwetu Likoni, nyuma ya jiko, kuna kibanda cha makuti. Ndani yake kwa zaidi ya miaka 25 kulikuwa na Honda C70 iliyofunikwa turubai. Si yetu. Ni ya jirani aliyekuwa akifanya kazi Changamwe, mtu wa bara, aliyekuwa akivuka feri nayo kila alfajiri.

Kwa wale waliokuwa wadogo: usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, polisi wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Siku zilizofuata nyumba na vibanda vya watu wa bara vilichomwa. Waliouawa walizidi 100, na waliokimbia makwao walikadiriwa kufikia 100,000. Wengi walijihifadhi kwanza katika kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mambo hayo pamoja na machafuko ya sehemu nyingine za nchi, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 2002. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba ile ile ya 1997. Anayetaka kuelewa ghasia zile aanze na hapo.

Jirani yetu alikuja kwa mlango wa nyuma, akampa baba ufunguo, akasema atarudi mambo yakitulia. Hakurudi. Baba naye hakukubali kuiuza, hata tulipokosa karo. Alikuwa akisema, "Kitu cha amana hakina bei."

Mwaka huu baba amezeeka, na aliniambia jambo moja tu: iwake kabla sijaondoka. Basi nikaanza.

Nilimwita kijana fundi wa stendi ya bodaboda. Ni hodari, lakini amelelewa na pikipiki za Kihindi na Kichina zilizojaa hapa baada ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Hii ni ya ukoo mwingine. Honda walianza kuuza Super Cub mwaka 1958, na ukoo huo ukafikisha pikipiki milioni 100 mwaka 2017. C70 ina injini ya 72cc, gia tatu, klachi inayojiendesha yenyewe, na tangi chini ya kiti.

Jambo la kwanza fundi alitaka kuvuta petroli ya zamani kwa mdomo, kwa mpira, kama wanavyofanya siku zote. Nikamshika mkono. Petroli ya 1997 ilikuwa na madini ya risasi! Inawezekana sana ilitoka pale pale Changamwe, kwenye kiwanda kilichoanza kusafisha mafuta mwaka 1963 na kuacha mwaka 2013. Risasi ilianza kutiwa kwenye petroli Marekani katika miaka ya 1920 ili injini zisigonge, na madhara yake kwa ubongo wa watoto yalijulikana kabla ya kuondolewa. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na Kenya ikaiacha mwishoni mwa 2005. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Kwetu kisima kiko hatua kumi kutoka kibandani, kwa hiyo hata kumwaga chini hapana. Tulifungua mpira wa kabureta, tukaikinga ndani ya mtungi. Ilikuwa kahawia kama chai ya rangi na ilinuka kama vanishi.

Haya, sasa kazi. Injini ya petroli inataka vitu vitatu: pumzi, moto na mafuta. Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja, nayo ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu ikawaka, hutajua kilichokuwa kibovu.

Pumzi: tulitoa plagi, tukatia oili kidogo kwenye tundu, tukaiacha usiku kucha, kisha tukasukuma kiki polepole kwa mkono. Ikazunguka. Nikaziba tundu kwa kidole gumba, ikakisukuma. Pumzi ipo. Tukabadilisha oili ya injini.

Moto: tuliisogeza pikipiki mbali na petroli, tukaegemeza plagi mpya kwenye chuma cha injini, tukapiga kiki. Giza. Betri ilikuwa imekufa, lakini si yenye makosa; moto wa C70 hii hutoka kwenye magneto. Kijana akatafuta kile kisanduku cha umeme cha pikipiki za siku hizi, hakukiona. Nikamwonyesha pointi, nyuma ya flaiwili upande wa kushoto. Hewa ya bahari ilikuwa imezifanya za kijani. Tukazisugua kwa msasa laini, tukazipangusa kwa karatasi safi. Kiki ya tatu, cheche ya buluu.

Mafuta: hapa msiharakishe. Tulitia matone machache ya petroli mpya kwenye tundu la plagi, tukafunga, tukapiga kiki. Ikakohoa mara mbili, ikafa. Tulifurahi kana kwamba imewaka, maana jibu lilikuwa hilo: pumzi na moto ni sawa, mafuta hayafiki. Jeti ndogo ya kabureta ilikuwa imezibwa na gundi ya petroli iliyokauka. Tuliilowesha, tukaizibua kwa uzi mmoja wa shaba wa waya wa umeme. Tangi tulilisuuza mara nne mpaka kutu ikaisha.

Jumamosi baada ya alasiri ikawaka. Moshi, kelele, kuku wakatawanyika. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, hakusema kitu.

Namba ya jirani niliipata kupitia mtu wa kanisani. Nilimpigia, nikajitambulisha, nikaweka simu karibu na eksosi. Kimya kirefu. Kisha sauti ya mzee ikasema, "Kijana wangu, rudisha choki. Umeisahau." Kweli nilikuwa nimeisahau.

Nikampa baba simu, nikaondoka kuwaacha wazungumze. Pikipiki tunaipeleka mwezi ujao, na kitabu chake cha usajili, jina bado ni lake.

Mpaka siku nyingine.