Programu tanzu na maktaba yake

Kipande cha Fortran kinachoanza na neno SUBROUTINE na kuitwa kazini kwa amri ya CALL, mimi nakiita programu tanzu. "Programu ndogo" haitoshi, maana nyingine zina mamia ya mistari. Kinachozitambulisha ni utanzu: kama kampuni tanzu, ina hesabu zake za ndani, lakini kazi huipokea kwa mkuu na majibu humrudishia yeye.

Zikikusanywa huitwa maktaba, na jina hilo lilianza kihalisi kabisa. Pale Cambridge, Uingereza, David Wheeler na wenzake waliotumia kompyuta ya EDSAC, iliyoanza kazi 1949, walizihifadhi kabatini zikiwa kanda za karatasi zilizotobolewa. Aliyehitaji mojawapo aliitoa na kuinakili kwenye kanda yake. Amri ya CALL ilikuja na Fortran II, mwaka 1958.

Maktaba inayotumika sana leo kwa aljebra ya matriki ni LAPACK, iliyotolewa 1992 na isiyouzwa. Majina yake yanatisha bure. DGESV, kwa mfano: D ni namba za usahihi maradufu, GE ni matriki isiyo na umbo maalumu, SV ni kutatua. Ufupi huo ulilazimishwa na Fortran 77, ambayo haikuruhusu jina lizidi herufi sita.

Tuipe DGESV milinganyo miwili: 2x + y = 5 na 4x + 3y = 13. Fortran hupanga matriki safu wima kwa safu wima, kwa hiyo A, matriki ya vizidishi vya x na y, inaingia kama 2, 4, 1, 3; anayeipanga kwa mistari atapata jibu la swali jingine, wala hataonywa. B, upande wa kulia, ni 5, 13. Kisha:

CALL DGESV(2, 1, A, 2, IPIV, B, 2, INFO)

Ikirudi, B ina 1 na 3, yaani x na y. Lakini tazama A: sasa ni 4, 0.5, 3, -0.5. Programu tanzu imebadilisha nafasi za mistari ili igawanye kwa namba kubwa zaidi (IPIV ndiyo kumbukumbu ya mabadiliko hayo), ikaandika kazi yake juu ya matriki uliyoikabidhi. Ukiihitaji tena, inakili kabla ya kuita.

INFO ndiyo ripoti, na wavivu hawaisomi. Sifuri maana yake kazi imekamilika. Badili mlinganyo wa pili uwe 4x + 2y = 10, ambao ni ule wa kwanza mara mbili, na INFO itarudi na 2: kigawanyo cha pili ni sifuri, jibu halikutafutwa.

Hatari zaidi ni milinganyo inayokaribia kufanana bila kufanana kabisa. Hapo INFO hubaki sifuri huku tarakimu nyingi za jibu zikiwa hazina maana. Kwa shaka ya namna hiyo huitwa DGESVX, ambayo pamoja na jibu hukadiria ni kiasi gani matriki yenyewe inakuza makosa.