Kanisa Kuu la Kisangani na Vita vya Siku Sita
Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Mamia ya raia walikufa, nyumba zaidi ya 400 zikaharibiwa, na Kanisa Kuu la Notre-Dame likapigwa vibaya kwa makombora.

Pengine mtauliza: je, ni haki kulilia matofali wakati watu wanakufa? Hakika uhai hutangulia. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda kuilipa nchi yetu dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili. Lakini lililotanguliwa halifutiki. Kanisa, shule na maktaba ni amana tuliyoipokea kwa wazee, nasi tunadaiwa na watakaozaliwa.

Mapatano ya La Haye ya mwaka 1954, ambayo Kongo iliyakubali mwaka 1961, yanakataza kushambulia majengo ya urithi, na pia kuyatumia kwa namna itakayoyaletea mashambulizi. Basi anayeweka mzinga kando ya ukuta mtakatifu ana hatia pamoja na anayeulenga.

Mapatano hayo yanaruhusu jambo moja tu: lazima ya kijeshi isiyoepukika. Hapo ndipo dhamiri hupimwa, kwa maana kila kamanda hudai kwamba alilazimika. Tujiulize: majeshi mawili ya kigeni, yakigombania mji usio wao, yalilazimishwa na nini?